Chumvi ya Buguruni

Jumatatu, 10 Januari 1994

Mchele umechaguliwa, kilo arobaini. Vitunguu vimemenywa. Mama Neema kamenya, mie nikapitia kimoja kimoja. Zuhura kaponda thumu na tangawizi, nikaenda kutazama kama zimelainika. Zimelainika. Nikaponda tena kidogo. Kiuno kinaniuma.

Ndiyo kazi yetu tangu kiwanda kilipopunguza watu. Mie na Zuhura tulipika kantini ya kiwanda miaka kumi na nne, Chang'ombe. Tulipotolewa nikaanzisha kazi ya kupika shughuli, hapa uani kwangu Temeke, nikamchukua. Mama Neema, mtu wa Iringa, kaja mwaka jana. Wote wanajua kupika. Ila chumvi natia mie. Sufuria moja, mkono mmoja, na mkono wenyewe ni wangu. Hilo halina mjadala.

Jumatano, 12 Januari

Shaabani inaingia, kila mtu anataka kuozesha kabla ya Ramadhani. Leo kaja Bi Tatu wa Buguruni. Anaozesha binti yake Jumamosi ya tarehe 22. Siku hiyo hiyo nina hitma Mtoni, nimeshakubali. Nilikuwa nimefungua mdomo kumkatalia.

Zuhura akanivuta pembeni. "Da Mwajuma, nipe Buguruni. Mwaka wa ngapi huu napika na wewe?"

Kweli, mwaka wa ngapi? Watu wanakula, wanajilamba, wanasema pilau la Mwajuma. Jina lake halitajwi. Na ukoo wa Bi Tatu ni mkubwa. Ukipika pale ukasifiwa, Buguruni nzima inakuita. Zuhura anajua hilo, mie pia najua.

Nikampa. Pilau, kachumbari, kila kitu, mpaka chumvi. Akaniomba niahidi kwamba sitakanyaga Buguruni siku hiyo. Nikaahidi. Kaimba mchana kutwa. Mie roho juu juu.

Alhamisi, 20 Januari

Nimempa Zuhura maelekezo. Baada ya saa moja nikampa tena. Nyama isichemke sana. Kitunguu kiwe chekundu, kisiungue. Mchele usiuache majini mpaka ukavimba. Akasema, nimesikia dada. Alikuwa anatabasamu, lakini macho hayakutabasamu.

Jumamosi, 22 Januari

Hitma ilikwisha adhuhuri. Watu wameshiba, wamenishukuru. Ningerudi nyumbani nikalala. Badala yake nikachukua teksi mpaka Buguruni. Nilijiambia nakwenda kuchungulia tu.

Niliingia kwa mlango wa uani. Harusi ilikuwa ya alasiri. Sufuria mbili kubwa jikoni, supu inachemka, mchele umechujwa kwenye vikapu unangoja kutiwa. Zuhura hayupo, kaitwa ndani na Bi Tatu kuhesabu masinia. Mama Neema yuko bombani huko anakata nyanya, kanipa mgongo. Nikachota supu kwa upawa, nikaonja. Chapwa. Maji matupu. Nikaonja ya pili, hivyo hivyo. Kasahau! Nikachukua chumvi, mikono miwili kila sufuria, nikakoroga, nikatoka kwa mlango ule ule. Kumwita Zuhura niliona haya. Nilikuwa nimeahidi.

Njiani nikajisifu. Nikasema, bila mie leo wangeumbuka. Niliyasema hayo kwa sauti, dereva akanigeukia.

Jumapili, 23 Januari

Masinia yamerudi yamejaa. Mama Neema kanihadithia tangu mwanzo. Wazee wa upande wa bwana harusi walionja tonge la kwanza wakaomba maji. Wakaomba tena maji. Kisha wakanawa. Bi Tatu akasimama uani, mbele za wageni, akamwambia Zuhura amemvunjia heshima na ukoo wake wote. Zuhura aliosha vyombo mpaka vikaisha.

Saa nne kaja kwangu. Macho yamevimba. Kasema yeye huloweka mchele kwa maji ya chumvi, ikaingia ndani ya punje, na supu huiacha chapwa makusudi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake Bagamoyo. Kwake hupika hivyo miaka yote.

"Labda nilitia mara mbili nikasahau. Lakini sikumbuki, dada. Wallahi sikumbuki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Zaidi ya miaka kumi na nne ubavuni kwangu, na sijawahi kumuuliza yeye anapikaje. Nikamwambia pole shoga, ndiyo kazi. Pole! Mdomo wangu huu huu.

Jumanne, 25 Januari

Bi Tatu kaja mwenyewe. Nikamwambia siku ile mie nilikuwa Mtoni kwenye hitma. Ni kweli nilikuwa Mtoni. Akasema ndiyo maana, ningekuwepo mie yasingetokea. Nikatikisa kichwa kuitikia. Zuhura alikuwa ndani anapepeta mchele, na ukuta wangu ni mwembamba.

Najichukia.

Jumatano, 2 Februari

Zuhura haonji tena. Anamwita Mama Neema, anamuuliza, hebu niambie, imekolea? Mboga ya kula sie watatu tu, naye anauliza. Wanawake wa bombani wamempa jina, Mama Chumvi. Anacheka nao. Anarudi na ndoo, anakaa kwenye kibao, kicheko kimekwisha.

Leo asubuhi kaomba ruhusa. Nikadhani anakwenda msibani. Kumbe hospitali. Kamwambia daktari ulimi wake umekufa. Kapewa vidonge vya vitamini, kanionyesha, vimefungwa kwenye kikaratasi. Kaniuliza kama najua mtu mwingine aliyepatwa na ugonjwa huo.

Nikasema simjui. Mungu anaona.

Jumamosi, 5 Februari

Harusi Tandika, ya mwisho kabla ya mfungo. Nimefanya yote mwenyewe. Nilitaka Zuhura ashike sufuria moja. Akanirudishia mwiko, akasema yeye avimenye vitunguu tu. Nikavipitia vitunguu vyake kimoja kimoja, mazoea. Sikujiona. Mama Neema ndiye aliyeniona.

"Mama, kwetu ukimpa mtu jembe huendi kumshikia mpini."

Hajui kitu huyu mwanamke. Kasema tu alichokiona. Nikamfokea, nikamwambia akachochee moto. Kaenda. Mikono yangu imepata malengelenge. Pilau lilisifiwa. Pilau la Mwajuma.

Jumanne, 8 Februari

Nimeamka na jambo moja tu kichwani. Najiuliza nilikuwa naogopa nini pale Buguruni. Kwamba ataharibu? Hapana. Zaidi ya miaka kumi na nne hajaharibu hata uji. Niliogopa kwamba hataharibu. Niliogopa watu wale, washibe, na mie sipo.

Nimeandika. Sitalifuta.

Jumatano, 9 Februari

Nimekwenda kwa Zuhura baada ya alasiri. Alikuwa barazani anachagua kunde. Nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia yote, tangu teksi mpaka mikono miwili kila sufuria. Na Bi Tatu nilivyomjibu. Sikuremba.

Hakuacha kuchagua. Alitoa kijiwe, akakitupa, akatoa kingine. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari hata kwa kofi. Nikasubiri.

"Nilikwenda hospitali, Mwajuma."

Bila dada. Basi. Baada ya hapo akaniuliza kama nitakunywa maji. Nikasema hapana. Akasema jua linakuchwa, nisichelewe. Akanisindikiza mpaka kwenye kona kama ilivyo adabu, akarudi.

Ijumaa, 11 Februari

Hakuja. Jana hakuja, leo hakuja. Mama Neema kauliza, nikamwambia ukweli. Kasema, kumbe. Kaendelea na kazi.

Jumamosi, 19 Februari

Ramadhani. Nimekwenda Buguruni kwa Bi Tatu. Nilichelewa kwenda, najua. Nilimwambia chumvi ile ilikuwa yangu, Zuhura hana kosa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, amesikia, lakini mwanawe kaolewa mara moja. Kwa Zuhura atatuma salamu. Sidhani kama atatuma. Watu wanaikumbuka aibu kuliko maelezo.

Jumapili, 20 Machi

Idi imepita. Zuhura hajarudi. Tulikutana sokoni siku ya pili ya Idi, tukapeana mkono. Kaniuliza hali, nikamwambia njema. Tukaachana.

Jana Mama Neema kapika kisomo cha watu sitini, peke yake. Kabla hajaenda nilimuuliza yeye hupika vipi. Mara yangu ya kwanza kumuuliza mtu swali hilo. Kaeleza. Vingine mie nisingefanya hivyo. Nikanyamaza. Mchana kutwa nilikaa nyumbani nikishona foronya. Nilishona vibaya sana. Jioni karudi na sufuria tupu, akasema wamekula, akaomba chai.

Leo kaja mama mmoja wa Segerea, anatafuta mpishi wa harusi ya mwezi ujao. Nikamwambia kuna mtu anapika kuliko mie, anaitwa Zuhura, anakaa nyuma ya msikiti, nitampeleka. Akakunja uso. Kasikia habari.

"Si yule aliyezidisha chumvi Buguruni?"

"Chumvi ile niliitia mie."

Nikamweleza. Akachukua mwavuli wake, akaaga vizuri. Alikataa nimpeleke. Nilisimama mlangoni nikamwona anafika njia panda, anasimama, anauliza watu. Sikuona alielekea upande gani. Kwangu hajarudi.