Seti Tatu za Shokapu

Kaka yangu,

Nakusalimu kwanza, maana hasira haziondoi adabu. Natumaini u mzima, shemeji na watoto nao wazima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mama anakula, anacheka, anagombana na jirani kama kawaida yake. Mgonjwa ni mimi peke yangu, na ugonjwa wangu ni pikapu ya marehemu baba.

Barua hii nimempa mwenzako wa kazini anayerudi huko Jumapili. Sikutaka kupiga simu. Tangu macho yaanze kumwacha, mama anasikia hadi sisimizi akikohoa, na haya ninayokuandikia si ya kusikia yeye.

Umeniuliza, tena kwa ukali, gari moja linawezaje kubadilishwa shokapu mara tatu ndani ya miezi miwili. Eti nimepata mchezo. Kaka, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ungekuwa hapa ungeshika spana, si kunitumia ushauri. Haya, kaa kitako nikueleze.

Unajua jicho la kushoto la mama lilipasuliwa mwaka jana likagoma kupona. La kulia nalo limeingia ukungu, na daktari alisema lipasuliwe ndani ya miezi mitatu, ikipita hapo tumelipoteza. Basi halifiki huku kwetu, na gari dogo haliiwezi ile barabara ya mawe, kwa hiyo nikampakia kwenye pikapu. Hatukufika hata darajani. Mama alishika kiuno, akalalamika kwamba gari linamvunja mgongo, akaniamuru nigeuze. Sikumlaumu. Shokapu zilikuwa zinavuja mafuta, na kila shimo gari lilidunda mara nne ndipo litulie.

Nikaenda duka la spea. Muuzaji akaniuliza nimetumwa na fundi gani. Nikamwambia nimejituma. Akafungua kitabu chake, akatafuta aina ya gari na mwaka, akanipa seti mpya inayong'aa. Kumbe kitabu kinalijua gari lilivyotoka kiwandani, baba hakimjui! Baba aliongeza bamba kwenye springi ili abebe mawe ya ujenzi, gari likanyanyuka, na shokapu za kitabu zikawa fupi. Tairi likizama shimoni, shokapu inavutika mpaka mwisho wake na kugonga, paa! Mama alivumilia mpaka kona ya kwanza, akashuka, akarudi kwa miguu ameshika bega langu, huku gari nimeliacha barabarani mlango wazi.

Seti ya pili ilikuwa ushauri wako, usijifanye umesahau. Ulisema ninunue zile ngumu za gesi, za kubebea mizigo, eti ndizo shokapu za kweli. Jamani, mama ana kilo hamsini! Bila mzigo gari lilirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Mama hakusumbuka hata kupanda. Alinisikia naingia uani, akasema mlio huo haumfai.

Hapo nikaenda kwa yule fundi mzee aliyemfanyia baba kazi miaka yote, ambaye tunamwita Kimya kwa kuwa haishi kusema. Alinisema nusu saa kabla ya kugusa spana. Akasema shokapu haichaguliwi na kitabu wala na kaka yako, inachaguliwa na gari lenyewe likiwa limesimama kwa matairi yake na mzigo wake. Akaweka mfuko wa saruji kwenye kiti cha mama, kilo hamsini kamili, akaupa shikamoo, kisha akalala chini ya gari na futi yake. Akaniandikia kwenye kipande cha boksi urefu anaoutaka, na kwamba ziwe za mafuta, laini. Nilizunguka maduka manne kuzipata. Zilipofungwa, gari likatulia mpaka mimi dereva nikasinzia. Mama akapanda, tukavuka daraja vizuri, halafu akaanza tena: mgongo, mgongo, geuza.

Kaka, nilichemka. Nilimrudisha nyumbani. Nikachukua trei ya mayai thelathini, nikaifunga mkanda kwenye kiti chake, nikaendesha mpaka lango la hospitali na kurudi. Nikampakatisha trei ile, nikamwambia ayahesabu kwa vidole, na akipata hata moja lenye ufa nitabadilisha shokapu mara ya nne. Alipapasa yai kwa yai. Alipofika la mwisho alilifunika kwa viganja vyake, na mimi nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimemkaripia mama yangu mzazi kama mtoto aliyeiba sukari.

Ndipo akasema mgongo haumuumi. Akasema jicho la kushoto liliingia chumba cha upasuaji likiona kidogo, likatoka halioni kitu, na hili lililobaki linaweza kumfanyia hivyo hivyo. Mimi ananiona kila siku, amekwisha kunishiba. Ila wewe una miaka sita hujaja. Anasikia umeota mvi. Hataki kulitia jicho hatarini kabla hajakutazama, basi alikuwa anavuta siku. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia kwenye simu. Akajibu kwamba mtoto wa kuombwa aje kumwona mamake, huyo amekuja kwa ombi, si kwa mapenzi.

Nilikukasirikia wewe kuliko shokapu zote. Na katika hasira hiyo nilifanya jambo ambalo lazima nikuungamie. Nilimwambia umeshakata tiketi. Nilimwambia ulitaka kumshtukiza, na kwamba utaingia Jumanne tarehe ishirini. Nilidanganya, kaka, bila haya, kwa sababu umebaki mwezi mmoja na sikuwa na njia nyingine. Alilia, akacheka, akanituma nimpigie daktari papo hapo. Anapasuliwa Alhamisi, tarehe ishirini na mbili.

Nitukane ukifika, sitajibu. Lakini ufike. Siku hizi anaamka mapema kupiga pasi mashuka ya chumba chako, na mimi siwezi kumtazama.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na umshukuru mwenzako kwa kuibeba barua hii. Salamu za mama sina. Amesikia kalamu ikikwaruza karatasi, akauliza naandika nini, nikababaika nikasema nakuandikia wewe. Akanicheka. Akasema barua ya nini tena, na mtu mwenyewe yuko njiani.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho