Vifaranga wa Mashine

Jumatatu, 3 Juni

Nimeleta vifaranga kumi, wale wa kuanguliwa kwa mashine. Wamo kwenye boksi chini ya meza ya kukatia nguo, balbu inawaka juu yao. Dada kashangaa kwenye simu: mtu anasubiri operesheni, kuku wa nini? Jibu ninalo. Wakitaga, binti yangu atakuwa na mayai hata kama mimi sipo.

Daktari hakunificha. Uvimbe uko pabaya. Wengine huamka, wengine hawaamki. Nalazwa Jumatano ya wiki ijayo.

Binti yangu — Chiriku wangu, mdomo haufungi — kawachungulia, akauliza mama yao yuko wapi. Nikamwambia hawana. Akanyamaza. Chiriku kunyamaza!

Jumanne, 4 Juni

Mmoja amekufa. Kumbe walikuwa wanakula maranda niliyowatandikia! Chakula kipo pembeni, hawakijui. Wanadonoa chochote — maranda, kucha zao, kivuli cha waya. Kudonoa wamezaliwa nako. Cha kudonoa ndicho hawakijui. Jirani mfugaji kanicheka: Kuku huwaita wanawe na kuwaonyesha, wewe je? Gonga kidole kwenye chakula.

Nimegonga. Kastabini ilikuwa bado kidoleni, kile kichuma cha kuzuia sindano. Ti-ti-ti juu ya kifuniko cha bati. Wote wakaja mbio! Wamekula mpaka vifuko vya shingoni vimetuna. Nimefurahi kupita kiasi. Fundi cherehani mzima, nimegeuka kuku.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwita Chiriku jikoni nimfundishe kupika wali. Maji kiasi gani, moto upunguzwe lini. Ana miaka kumi, ataweza. Hakutaka hata kushika mwiko. Nikamkaripia. Akautupa chini: hataki kujua! Eti akijua, mimi nitaondoka.

Wali umeungua. Tumeula hivyohivyo, bila kutazamana.

Jumapili, 9 Juni

Balaa jipya. Nilipeleka nguo za mteja, nikachelewa. Kurudi — chakula kiko vilevile, vifaranga wamejikunyata pembeni, wanalia. Wanasubiri kastabini! Nimewaharibu kwa mikono yangu. Jirani anasema niache kugonga, njaa itawafundisha. Rahisi kusema. Wakilia, mkono unakwenda wenyewe.

Na niseme ukweli, humu hasomi mtu: napenda wanavyonijia mbio. Napenda kuhitajiwa. Asubuhi nimemfunga Chiriku kamba za viatu. Miaka kumi!

Jumatatu, 10 Juni

Nimevua kastabini, nimeitia kwenye droo ya cherehani. Nimewatoa vifaranga uani, kwenye jua, nikakaa mbali, mikono kwapani. Walilia mpaka nikataka kulia nao. Kisha mmoja, yule mwenye doa shingoni, akaparua mchanga. Mguu huu, mguu ule. Akarudi nyuma kidogo, akatazama, akadonoa. Wenzake wakamwiga.

Hajawahi kumwona kuku akiparua tangu azaliwe! Nani kamwonyesha? Si mimi.

Wanaweza bila mimi. Ndicho nilichokitaka, na kimeniuma vibaya. Nimelia pale pale uani. Kugeuka, Chiriku yuko mlangoni, ameona yote.

Jumanne, 11 Juni

Dada kafika, atabaki na mtoto. Begi liko tayari. Jirani atanipeleka asubuhi kwa gari lake. Daktari alisema leo nile vizuri, maana kuanzia usiku sitaruhusiwa kitu. Lakini tangu jana chakula hakipiti kwa woga. Dada kabembeleza mpaka kachoka, kaenda kuoga.

Naandika kitandani, jua bado halijazama. Nilisikia sufuria jikoni, nikadhani ni Dada. Lakini maji ya bafuni bado yanamwagika. Ni Chiriku! Kaingia na sahani ya wali — mwingine umeshika ukoko, mwingine bado una kiini — kaiweka mapajani pangu. Nikamwambia ahsante mwanangu, baadaye. Hakuondoka. Katoa kitu mfukoni, kakivaa kidoleni. Kastabini yangu. Inampwaya. Akagonga ukingo wa sahani.

Ti-ti-ti.

Nimecheka, machozi yakadondokea wali. Nimekula tonge moja, limepita. Kagonga tena. Jingine. Nimemuuliza nani kamwonyesha kupunguza moto. Kasema hakuna, nile.

Kwa hiyo amejua. Na kesho naondoka.

Nataka kumwambia nimeshiba, nimshike mkono tu. Hataki mkono. Macho yake yako kwenye sahani, haijafika nusu, na bado anagonga —