Masika ya Nusu Kidonge

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimetembea Jogoo Road viatu mkononi, miguu nimenawia bombani nyuma ya afisi. Kutwa nzima nimepiga taipu barua zinazosema kitu kimoja: mzigo wako umechelewa, tuwie radhi. Kwanza meli zilikaa nje ya bandari kwa sababu ya kimbunga baharini. Zilipoingia, mvua ikabomoa daraja la reli huko chini, na barabara ya Mombasa nayo imekatika. Bosi anafoka kana kwamba mimi ndiye ninayenyesha.

Jioni Mama Mwende ameniletea mtoto nimshike yeye akipika. Tunakaa nyumba moja ya kanjo, ya halmashauri ya jiji, chumba chake na changu, jikoni ni pamoja. Mwende ana miezi sita na ni mzito kuliko mfuko wa unga. Amenikamata pua akakataa kuachia. Nimemeza kidonge changu nikiwa naye mapajani. Mama yake anadhani ni dawa ya kichwa.

Jumatano, 5 Aprili

Kliniki. Nilienda kuchukua vidonge vya mwezi, vya kifafa. Foleni imetoka mpaka barabarani, watu wamejifunika magunia. Mbele yangu mzee mmoja mwenye ugonjwa wa sukari, ameshika kibegi chake kifuani. Aliambiwa arudi Ijumaa.

Sista alinifungulia kabati nijionee mwenyewe. Chupa za maji ya mishipani hakuna. Bendeji zimefuliwa, zimeanikwa kwenye kamba ndani ya chumba cha sindano, na hazikauki. Friji ya chanjo inatumia mafuta ya taa, na mafuta ya taa ni ya kutafuta. Vidonge vyangu vimebaki chini ya mkebe na wagonjwa wake ni wengi. Amenipa vya wiki moja. Nimeze nusu nusu, labda shehena itafika. Usiache ghafla, dada, akasema, ukiacha ghafla ndiyo mbaya zaidi.

Shehena iko kwenye behewa. Behewa liko kwenye kituo kidogo porini, ng'ambo ya daraja ambalo halipo. Hata afisini kwetu tunalijua daraja hilo, nimelipiga taipu wiki nzima.

Nimezunguka maduka ya dawa mjini. Wote wanaangalia rafu kwanza ndipo wanatikisa kichwa. Ni adabu tu.

Miaka minne sijaanguka. Hakuna mtu Nairobi anayejua kwamba niliwahi kuanguka.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimekata vidonge kwa wembe. Vingine vimevunjika vumbi, nimelamba vumbi.

Nimerudia mambo ya zamani. Nalala chini, kitanda nimekisimamisha ukutani. Naoga bila kutia komeo, nikiomba Mungu mtu asisukume mlango. Siwashi stovu nikiwa peke yangu. Chai naipata afisini, jioni nakula mkate mkavu. Nilikuwa nimesahau haya yote. Kusahau kwamba wewe ni mgonjwa ni raha kubwa, hujui mpaka ikuondokee.

Na Mwende. Simshiki tena mpaka dawa ije. Nikianguka naye, sakafu hii ni saruji. Sitaki hata kuiandika.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimemwambia mama yake nina mafua. Akasema pole, akarudi na mtoto wake. Mwende alinitazama juu ya bega la mama yake mpaka mlango ukafungwa.

Nusu kidonge. Mikono inatetemeka kidogo asubuhi. Nimekosea barua mara mbili.

Alhamisi, 13 Aprili

Mafua hayakai milele. Leo nimesema nimechoka. Kesho sijui nitasema nini.

Mama Mwende ana yake. Mumewe ni dereva wa lori, alienda Mombasa kabla barabara haijakatika, na hakuna habari. Hana mtu wa kumshikia mtoto akienda kuulizia, na mtu aliyekuwa wa karibu ni mimi. Ameniuliza jikoni: mtoto amekukosea nini? Nimesema hakuna. Nikaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Bombani nilimsikia akiwaambia wenzake, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba wengine wakishajua kupiga taipu wanaona watoto wa watu wananuka mkojo. Wakacheka. Nimejaza ndoo yangu nikaondoka. Nimeumia. Nimekasirika pia, lakini nimkasirikie nani? Ameona alichoonyeshwa.

Ijumaa, 14 Aprili

Mtoto analia. Mama anambembeleza kwa Kikamba, wimbo hauishi. Halafu mama naye analia, polepole, anafikiri ukuta ni mnene. Nimekaa upande wangu na mikono mitupu.

Jumapili, 16 Aprili

Kanisani. Katikati ya mahubiri ikaja ile harufu, kama nyaya zinaungua, na hakuna kinachoungua. Naijua harufu hiyo tangu utoto. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, mvua ikininyeshea. Ikapita.

Mama mmoja wa kwaya alitoka akaniuliza kama nina mimba. Nimecheka. Angejua.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Nimeficha, sijazaa, wamesema kweli. Nimewahi kuchumbiwa. Nilimkimbia mwanamume wa watu kwa sababu angetaka kulala chumba kimoja nami. Sasa mvua inataka kusema kwa siku chache nililolinyamazia maisha yangu yote.

Jumatatu, 17 Aprili

Kliniki tena. Wanapanga kutoa mizigo kwenye mabehewa na kuizungusha kwa malori, njia ikikauka. Haikauki. Sista ana macho mekundu. Jana mama mmoja alijifungua akatokwa damu, maji ya mishipani hakuna, wakambeba kwa pikapu ya muuza makaa hadi hospitali kubwa. Sikuuliza kama alifika. Yule mzee wa sukari hakuwepo kwenye foleni. Hilo pia sikuuliza.

Nimepewa vidonge vichache kwenye karatasi. Robo robo sasa.

Jumatano, 19 Aprili

Leo limetokea.

Nimefika kutoka kazini, sijavua hata koti. Mama Mwende akaingia bila kubisha, akamlaza mtoto mkekani pangu. Lori moja la tajiri wa mumewe limefika Industrial Area kwa njia ya mzunguko, anakimbia kuuliza. Nikafungua mdomo. Alikuwa ameshafika barabarani.

Basi tukabaki. Nilichukua karai kubwa la kufulia, nikatandika blanketi, nikamweka humo ili asitambae. Nilimbeba hatua mbili tu, nikiwa nimepiga magoti, nikiomba. Halafu nikaenda kukaa ukuta wa pili, mbali naye, mlango wazi. Alilia. Nikamwimbia kutoka huko. Aliponyoosha mikono ikawa mbaya zaidi. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nimekaa pale kama jiwe, nanusa hewa, nanusa hewa.

Mama yake akatukuta hivyo. Mtoto kwenye karai uso umevimba, mimi mwisho wa chumba namtazama. Alichosema sitakiandika. Mtu angeniona vile na mtoto wangu ningesema zaidi.

Nikamwambia. Nikalitaja neno lenyewe, kifafa. Kwamba dawa imekwama huko reli ilikokatika, kwamba nilikuwa namkinga mtoto, kwamba sikuwahi kumchukia hata dakika moja.

Akamtoa mtoto kwenye karai. Mlangoni akageuka akauliza kitu kimoja tu: umewahi kumlisha kwa kijiko chako?

Nikasema ndiyo, mara nyingi, na hauambukizi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Ameniambia dereva wa lori lililofika hajamwona mumewe. Alisema hilo akiwa ameshanipa mgongo.

Ijumaa, 21 Aprili

Nimeanguka.

Najua kwa sababu ulimi umekatika upande na sketi ilikuwa imelowa. Hayo mengine siyajui. Nilikuwa jikoni nachota maji, halafu nikawa sakafuni, nimelazwa ubavu, leso imekunjwa chini ya kichwa. Stovu yake ilikuwa imetolewa nje, bado inawaka, kwenye mvua. Mlangoni Mama Mwende anafukuza watu. Nendeni kwenu, hapa hakuna sinema.

Alikaa nami mpaka nikaweza kutaja jina langu. Alinipangusa mdomo. Aliniongoza chumbani. Sikutarajia. Watu huko kwetu walikuwa wakikimbia, hata shangazi yangu alikimbia.

Mikono yake ilikuwa imezungushiwa matambara mpaka kwenye viwiko. Baadaye nilisikia harufu, anayachoma.

Aliogopa na akaja. Sijui nisikitikie lipi.

Jumatatu, 24 Aprili

Kazini wanajua. Mtu wa mtaani ana binamu afisini kwetu, binamu ana mdomo. Msichana wa mapokezi amehamisha kiti chake.

Alhamisi, 27 Aprili

Malori yamefika. Sista alikuwa anacheka peke yake kama mwenda wazimu, anabeba makatoni mwenyewe, hangojei mtu. Nimepewa mkebe wangu. Nimemeza kidonge kizima palepale mbele yake, bila maji.

Baba Mwende amerudi pia. Alikuwa amelala kwenye lori muda wote huo kandokando ya maji, anakula ndizi mbichi za kuchoma na madereva wenzake. Amekonda na yuko hai. Wanacheka huko upande wa pili, na kuna harufu ya nyama. Nimefurahi kwa ajili yao. Ni kweli nimefurahi.

Nimekirudisha kitanda chini.

Jumapili, 7 Mei

Jua. Watu wote wa mtaa wameanika magodoro.

Mchana Mama Mwende alibisha, siku hizi anabisha. Ameniletea muthokoi, mahindi ya kukoboa yenye maharagwe, sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, imejaa. Mwende alikuwa mgongoni, amefungwa vizuri. Aliponiona alinyoosha mkono. Mama yake akasogea kidogo, kama mtu anayepisha njia, akaniuliza hali yangu. Nikamwambia dawa ipo, niko sawa. Akasema Mungu ni mwema. Aliongea nami kwa upole kabisa, upole wa hospitalini.

Nimekula chote. Kilikuwa kitamu. Nikaosha sahani, nikaikausha, nikaweka ndizi ndani, kwa maana sahani ya jirani hairudi tupu. Nikaenda kubisha kwake.

Aliitazama. Hakunyoosha mkono. Kaa nayo tu, dada, akasema, nimekupa iwe yako.

Mama yangu alinipenda, na aliniwekea kikombe changu peke yangu, asikitumie mwingine, akakitundika kwenye msumari wa nje. Kwa hiyo nilielewa mara moja. Nikasema asante.

Nimeiweka rafuni. Kidonge nimemeza. Jioni nimepika chai mwenyewe, stovu imewaka vizuri, mikono haitetemeki.

Sasa nina sahani mbili.