Jibu la Muzee wa Kibati

Kaka Bahizire,

Hapa Goma tuko wazima, maharage yameshuka bei kidogo, na Christa wangu amenifanya nitembee kifua mbele.

Unajua anatafsiri Kiingereza katika biro, ofisi ya misaada kule Himbi. Juzi alikwenda kambi ya Kibati na mukubwa wake, muzungu, kuwauliza waliokimbia vita kama watarudi kwao. Muzee mmoja akajibu, "Tutaona, Mungu akipenda." Muzungu akaandika ndiyo, na ndiyo hiyo ingeng'oa mahema yao, kwa kuwa anayekubali kurudi hapewi tena hema.

Christa akamzuia. Akamwambia jibu hilo kwa Kiingereza linaitwa "ambiguous", lenye maana mbili, neno lililotoka Kilatini, la kuswaga huku na huku, kama ng'ombe anayesukumwa pande mbili bila kujua zizi lake.

"Kwetu mugeni haambiwi hapana usoni," akasema. "Mwambie kwanza kwamba hapana haitakuudhi, kisha umuulize tena."

Muzee akaulizwa tena, akasema hapana. Mahema yamebaki. Mutoto wangu huyo, Kaka, niliyemzaa mimi.

Tangu tumzike mume wangu Murhula unaniuliza kama nitarudi Bukavu nikae kwako, nami kila mara nakujibu tutaona. Jana nilianza kukuandikia tena hivyo. Christa akasoma, akaweka kidole kwenye hiyo tutaona.

Basi usiudhike, wewe ni mukubwa wangu. Sirudi. Kile chumba ulichonitengenezea, walaze watoto.

Ni mimi dada yako,
Mama Christa