Kibarua Asiyetaja Jina la Baba Mkwe Wangu

Kosa wanalofanya wengi wanaoniandikia habari za wivu ni kuanza na hukumu, kisha kutafuta ushahidi wa kuifaa. Hukumu ikishapita, kila kitu kinageuka ushahidi: mume akicheka ni ushahidi, akinyamaza pia ni ushahidi. Barua ya juma hili imetoka Ntobeye. Nimeiacha karibu yote kama ilivyokuja, majina tu nimeyabadilisha.

*Mama mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia jikoni, sitaki mume wangu anione na kalamu, nisaidie maana moyo wangu umechafuka na karibu nitafanya jambo.*

*Mimi ni mke wa ndoa ya kanisani, mume wangu ni Audax, tunalima migomba na maharage, na tangu watu wa Burundi walipovuka mto wakawekwa kambini tumekuwa tukiwapa vibarua kama majirani wote, wanalima asubuhi, jioni wanarudi kambini na ndizi au mihogo. Mmoja wao ni Iteka, ana watoto, mume wake hajulikani alipo tangu walipokimbia. Siku ya kwanza alipita hapa na mahindi ya mgao kichwani, akaniuliza njia ya kwenda kwa yule mzee wa mashine ya kusaga, nikamwelekeza, nikamwonea huruma, nikampa kazi, tena nikampa kitenge changu cha zamani, na sasa kitenge hicho kimemkaa kuliko kilivyowahi kunikaa mimi, na Audax ameliona hilo kwa sababu alisema, "Kumbe kitenge hiki kina maua," na mimi nilikivaa miaka yote asiyaone.*

*Kirundi chake na Kihangaza chetu vinasikilizana, kwa hiyo wanacheka huko migombani na mimi nikifika wananyamaza, au naona wananyamaza, sijui tena. Zamani Audax alikula, akanawa, akaondoka. Siku hizi anauliza ndizi kamenya nani, nikisema Iteka anaongeza, nikisema mimi anasema ameshiba. Nimefikia kunusa shati lake, nikakuta linanuka moshi wa jiko langu mwenyewe, na hilo halikunituliza, nilijiambia amejua kwamba nitalinusa.*

*Lakini lililonimaliza ni hili. Wewe unajua kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata akiwa marehemu, hata kama jina hilo ni la mtu mwingine. Baba mkwe wangu amekwisha kufa, na shamba lake la bondeni kijiji kizima kinaliita kwa jina lake, mimi peke yangu nasema "kule chini". Hata yule mzee wa mashine, ambaye kila mtu hapa na kambini anamtaja kwa jina, mimi simtaji, kwa sababu ni jina lile lile. Sasa juzi wifi yangu Anjelika alikuwa hapa akamuuliza Iteka amelima wapi.*

*"Kule bondeni, kwa mzee," Iteka akasema.*

*"Mzee gani? Wazee hapa ni wengi."*

*"Mwenye shamba."*

*"Mtaje basi, dada, au kambini mmegawiwa mahindi mkanyang'anywa ndimi?"*

*Iteka aliinama, akachukua jembe lake akaenda bila kumtaja. Anjelika akanigeukia. "Wifi, umepata mwenzio," akaniambia. "Jina la baba yetu limemshinda kama linavyokushinda wewe. Muulize kaka alimtambulisha lini kwa wazee."*

*Sikungoja. Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, nikamwambia Iteka harudi kambini, analala hapa kijijini, jambo ambalo wakimbizi wamekatazwa, ingawa sijawahi kumwona akilala. Balozi amesema nikithibitisha atalipeleka jina lake kwenye kikao cha kijiji, wamwondoe, ahamishiwe mbali au arudishwe kwao. Anasubiri neno langu. Mama, nilitoe?*

*Mimi mke wa Audax, Ntobeye*

Marahaba, mwanangu. Wivu wako naujua na sikucheki. Ukimpa mtu kitenge chako kisha mumeo akayaona maua yake juu ya bega la mwingine, hilo linauma, na asiyeumia hajawahi kuolewa.

Lakini twende taratibu, kwa kuwa ushahidi wako mkubwa umeusoma kinyume.

Mwiko wa jina la baba mkwe haukuanzia Ntobeye. Ng'ambo ya mto wanao kama sisi, na wanawake wao wameufundishwa na mama zao kama wewe ulivyofundishwa. Mwiko huo huja na mahari, hauji na mapenzi. Hawara hana baba mkwe, kwa hiyo hana jina la kuogopa. Na kama angekuwepo mwanamke anayemnyemelea Audax, angelitaja jina hilo haraka sana mbele ya wifi yako ili asishukiwe. Huyu alishindwa, akakubali kutukanwa.

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Siku ya kwanza Iteka alipopita hapo, kabla hajamwona Audax, kabla hajajua kama una baba mkwe, alikuuliza njia ya kwenda kwa nani? Kwa yule mzee wa mashine ya kusaga. Umeniambia kwamba kambini kila mtu anamtaja mzee huyo kwa jina. Kwa nini yeye hakumtaja? Kwa sababu ile ile inayokufanya wewe usimtaje. Mimi naona kwamba huko kwao yuko mzee mwenye jina hilo, hai au marehemu, na Iteka ni mkwe wake. Majina yetu na yao ni yale yale, nawe unalijua hilo.

Basi tazama ulichokiona. Mwanamke amepoteza nyumba, shamba na mume, hajui kama mume huyo anapumua, hapa hakuna mkwe wala wifi wa kumkemea, na bado halitamki jina la baba wa mumewe. Huyo bado ameolewa, mwanangu. Wewe umeuona uaminifu wake kwa mumewe ukauita wizi wa mume wako.

Sikuambii Audax hana kosa. Mwanamume anayeshiba au kuona njaa kulingana na aliyemenya ndizi amekosa adabu, na hilo mwambie usoni, mkiwa wawili, bila kumtaja Iteka hata mara moja. Mwambie, "Nami nataka kuonwa." Akicheka, rudia. Anjelika naye mwache aondoke na maneno yake. Wifi wa namna hiyo hukuletea moto kisha akaenda kwake kulala.

Na kama bado una shaka, kaa na Iteka, menyeni ndizi pamoja, umuulize habari za wakwe zake. Utaona atakavyomzunguka yule mzee kwa maneno, kama unavyofanya wewe. Sina uhakika wa kila kitu, niko mbali, lakini swali hilo lilikuwa la kwanza kuuliza, nawe ukaenda kwa balozi badala yake.

Hapo ndipo ninapokugombeza. Ulimnusa mumeo, sawa. Ulimwonea kijicho mwenzio, sawa, utatubu. Lakini ulimwambia kiongozi jambo ambalo hukuliona, juu ya mtu asiye na mahali pengine pa kwenda, mwenye watoto. Kikao kikishalisikia jina lake, hata ukilia namna gani hakuna atakayekwenda kumrudisha.

Leo, kabla hujainjika chungu, nenda kwa balozi umwambie kwamba maneno yale hayakuwa kweli.