Maji Matamu ya Mwezi wa Sita

Kakuma

Baba,

Ejok. Naanza na salamu yako ya gereji, ile uliyompa kila dereva aliyeingia na lori linalovuja oili. Wageni walicheka kusikia Kalasinga mwenye kilemba akisalimia kama mzaliwa wa Namoruputh.

Tangu uondoke mambo yamebadilika, na nataka uyasikie kwangu. Gereji ya Lodwar imefungwa. Mwenye kiwanja anataka kuweka ghala. Mama amerudi kwa ndugu zake Lorugum. Mimi nimehamia huku Kakuma, nauza chai na chapati kando ya barabara ya kwenda kambi ya wakimbizi.

Siku tulipouchoma mwili wako kando ya mto Turkwel, Chacha, mdogo wako, alinivuta pembeni. Akasema, "Akiru, funga mizigo twende Kisumu. Huku hakuna gurdwara ya kusalia, hakuna Singasinga mwingine. Sikukuu zetu hazishikwi na mtu mmoja." Hakusema kwa ubaya, Baba, alikuwa analia. Lakini akaongeza, "Na wewe ni nusu tu."

Nusu. Kwa sababu mama yangu ni Mturkana. Baisakhi, sikukuu yetu ya mavuno, ilipofika mwezi wa nne, sikufanya kitu. Wewe siku hiyo ulikuwa unafagia gereji mpaka sakafu inaonekana, unapika halua ya samli, unanituma niite majirani wote. Mwaka huu nililala tu nikitazama mabati. Nilijisemea labda Chacha amesema kweli. Labda sikukuu zilikuwa zako, mimi nilikuwa mlaji.

Halafu mwezi wa sita ukaingia na jua lake. Asubuhi moja niliwaona akina mama wa Sudan wamekaa juu ya jerikeni zao wakingoja bomba lifunguliwe, nguo zimewafunika vichwa. Nikakumbuka. Ulinieleza ukiwa chini ya lori, miguu tu ndiyo ilikuwa inaonekana. Guru wetu wa tano aliketishwa na watesi wake juu ya chuma cha moto, wakammwagia mchanga wa moto kichwani, naye hakumlaani mtu. Ndiyo maana siku ya kifo chake tunampa kila anayepita kitu baridi. "Usimuulize dini, usimuulize kabila," ulisema. "Muulize kama ana kiu."

Nikaamua.

Tarehe aliniambia Chachi, mke wa Chacha, kwa simu ya posta, maana siku hiyo huhamahama kila mwaka. Hakuniuliza kwa nini. Baadaye dereva mmoja akaniletea kutoka kwake chupa za sharubati ya waridi, zimefungwa kwa magazeti. Halima, Msomali mwenye duka lenye jenereta, alikubali kunigandishia barafu. Maji nilipanga foleni kama watu wengine.

Siku yenyewe nikatoa pipa barabarani. Nikakoroga maziwa ya unga, sukari na sharubati, nikatia barafu. Yakawa ya pinki kama yako.

Hakuna aliyekuja, Baba. Walisimama mbali wakatazama. Kitu cha bure, tena cha rangi ile! Mwanaume mmoja akauliza, "Kanisa gani hili linanunua watu kwa sukari?" Mwingine akasema ni dawa ya kuzuia uzazi. Akina mama wakavuta watoto wao. Barafu inayeyuka, mimi nimesimama na kikombe mkononi kama mjinga. Nilikaribia kulirudisha pipa ndani.

Ndipo akaja Mama Nyandeng. Hukumjua. Ni mkimbizi wa Sudan, anauza samaki wakavu karibu na kibanda changu, na msalaba wake wa mbao hautoki shingoni. Akauliza, "Nani amekufa?"

Nikamweleza habari za Guru, kwa sauti, ili na wale wa mbali wasikie. Huyu mama alitembea na watoto wake kutoka kwao mpaka Lokichoggio, na mmoja alibaki njiani, kwenye mchanga. Akaniangalia.

"Huyo mtu walimchoma," akasema, "na nyinyi mnapoza watu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nipe."

Alikunywa yote. Akajifuta mdomo, akawageukia wenzake, akawapigia kelele kwa Kiarabu cha Juba. Sijui alisema nini. Walikuja.

Wakaja Wasudani, Waethiopia, wachungaji na mbuzi wao, polisi wa kizuizi cha barabarani. Yule aliyeuliza habari za kanisa alikuja pia, akanywa bila kuniangalia. Si kwamba yote yalikwenda vizuri. Pipa liliisha kabla ya adhuhuri, wengine wakaondoka wakinitukana, na kuna mama alipotea na kikombe changu. Mwakani nitaweka mapipa mawili. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikacheka, halafu nikalia, maana wewe ndiwe ningekusimulia.

Jana nimempigia Chacha. Nimemwambia siendi Kisumu. Mwezi wa kumi na moja, siku ya kuzaliwa kwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu, nitapika dengu na chapati Lodwar, kwenye mji wako, na watu wote watakaa chini mstari mmoja, tajiri na maskini. Wajomba zangu watalalamika hakuna nyama. Watakula hivyo hivyo.

Chacha akauliza, "Sufuria kubwa utazipata wapi?"

Nikasema sijui.

"Basi usitafute," akasema. "Nitakuja nazo."

Pumzika, Baba. Siku zako zote za mwaka nimezichukua mimi, na nakuahidi hakuna itakayopita tena nikiwa kitandani.

Mwanao,
Akiru Kaur