Kamera ya Kumpiga Cucu Picha

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, na unajua nikichanganyikiwa napanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Leo nimepanga sufuria mara tatu. Shida yangu ni kamera. Usicheke. Aliyeniingiza katika mambo haya ni cucu, nyanya yangu, mama yako mzazi.

Nianze na siku ambayo hukuiona, siku tuliyokuzika. Yule wa kuchapisha vijitabu vya mazishi pale Thika alituomba picha yako, tukaanza kupekua simu na albamu. Ulikuwa mtu wa kukimbia picha, mama. Simu ikiinuliwa, nawe unainua leso, au unageuka kukoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Tulipata moja tu, ya ruracio ya binamu, siku ya kupeleka mahari, umeshika sahani ya mukimo na shangazi kakuegemea. Wakaikata, wakaikuza. Sahani ikaondoka lakini mkono wa shangazi ukabaki begani mwako, pamoja na pete yake. Cucu alikishika kijitabu kile ibada nzima bila kukifungua, akitazama jalada tu. Tulipotoka kaburini akaniuliza, "Hii mkono ni ya nani?" Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Mwaka huu, tukichambua maharagwe kwake Kiganjo, akaniambia kama anayenituma chumvi dukani, "Mimi sitaki kukatwa kutoka kwa watu. Nipige picha moja mzuri, niiweke kwa sanduku. Siku ikifika msianze kutafutana."

Nikatoa simu papo hapo. Lakini simu za siku hizi zinampaka kila mtu poda bila kuulizwa. Cucu aliisogeza karibu na lile jicho lake linaloona. "Huyu ni nani mmepaka unga?" Akataka kamera, ile nyeusi ya kuning'inia shingoni aliyoiona kwenye harusi ya jirani. Nikamwambia basi tumlipe mpiga picha wa harusi. Akakataa. "Mtu sijui, ataniangalia aje?" Tena mimi ndiye niliyerithi jina lake. Wewe mwenyewe uliniita "maitu", yaani mama, tangu nikiwa mchanga. Ningemkatalia kwa uso gani?

Bahati nzuri zamu yangu ya kupokea mchango wa chama chetu cha akina mama ikafika, nikawa na elfu thelathini na tano mkononi. Nilidhani kununua kamera ni kama kununua sufuria: unachagua ukubwa, unalipa, unaenda zako. Kumbe! Jirani yangu hapa Ruiru, kijana anaitwa Brayo, hupiga picha za harusi. Aliniketisha kwenye ngazi za ploti tunayopanga akanipa somo.

"Siz, usiangalie megapikseli, hizo ni za kukuzubaisha. Weka pesa kwa lenzi. Bodi, ile kamera yenyewe, utabadilisha, lenzi utazeeka nayo."

Nikashukuru. Siku iliyofuata akaniambia nisichukue bodi iliyochoka. Siku ya tatu, ninunue ya mtumba lakini niulize imeshapiga picha ngapi. Halafu akanieleza kwamba kamera hizi za kidijitali zenye kioo ndani, ambazo ndizo pesa yangu inazifikia, wenye pesa wanazihama. "Lakini kwako iko sawa tu," akasema. Sasa mama, ninunue kitu ambacho watu wanakihama? Nikaingia mtandaoni, nikawakuta wanaume ishirini wakisifu kamera ishirini, kila mmoja akiapa. Miezi minne ilipita hivyo. Nilijifunza majina yote na sikujua hata moja lina maana gani.

Nilikuwa nikikukumbuka wewe kwenye mitumba ya Thika, siku za Jumamosi. Hukuwahi kuiangalia sweta rangi kabla hujaigeuza ndani nje. "Nje inadanganya," ulikuwa ukisema, "angalia mshono." Nikawa najiuliza, mshono wa kamera uko wapi? Tena nikakumbuka viatu vya darasa la nne ulivyoninunulia vikubwa kwa namba mbili, "utakulia ndani yake." Nilivijaza karatasi, nikavivaa nikiburuta miguu kama bata, na mguu ulipovifikia soli ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo hata wewe, mama, ulikuwa unakosea. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikakasirika, kwa sababu bado sikujua. Nichukue kamera ndogo inayonitosha leo, au kubwa nikulie ndani yake?

Nilichukua kubwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kuna bwana ana kibanda orofa ya juu hapa Ruiru, mpole, anafuta vitu vyake kila mara kwa kitambaa cha manjano. Alinitolea mbili. Ya kwanza ndogo, imebambuka mpira pembeni, na lenzi yake iko palepale. Ya pili nzito, ya watu wa kazi. Akaichomeka hiyo ya pili lenzi yake mwenyewe, akanipiga picha nimesimama mlangoni, akanionyesha. Mama, niliona kila unywele. Niliona paji lako la uso limekaa juu ya macho yangu, na hapo akili ikanitoka. Bwana yule akanieleza mambo mengi na mwishoni akasema, "Lenzi ni kando, madam, tumeelewana?" Nikaitikia. Nilikuwa nimeitikia kila kitu tangu asubuhi. Sikumwibia wala hakuniibia.

Unaikumbuka sheria ya cucu: kitu kipya hakifunguliwi kabla hakijaombewa. Cherehani yako ilikaa siku tatu kwenye kartoni ikimngoja, na ulikuwa na sare za shule za watu za kushona, ukizunguka kartoni kama kuku anayetaka kutaga. Basi nami nilibeba boksi langu na utepe wake kutoka Ruiru hadi Kiganjo bila kuchungulia.

Nilimkuta tayari. Suti ya kanisa, kilemba cheupe, miguu imepakwa mafuta, kiti kimewekwa nje kwenye mwanga. Aliweka mkono juu ya boksi akaomba, na wewe unajua maombi yake: akamtaja aliyeitengeneza, aliyeiuza, dereva aliyenileta, na mahindi ya shambani ambayo hayakuhusika. Amina. Nikakata utepe. Mbele ya kamera kulikuwa na kifuniko cha plastiki. Nikakitoa. Nyuma yake shimo la mviringo, ndani kioo kidogo, basi. Cucu akainama akachungulia shimoni.

"Sasa hii itaniona na nini?"

Nilicheka mpaka nikalia, mama, na kicheko kilipoisha nikaendelea kulia. Cucu alifikiri nalilia pesa. Akanishika goti akasema pesa hutafutwa. Lakini hazikuwa pesa. Nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimefurahi sana kwamba kamera haiwezi kupiga, na hiyo ndiyo ilinichanganya kuliko lenzi zote. Miezi minne nikisema ninalinganisha bei, kumbe ninaogopa. Picha ikishaingia sandukuni, cucu hana kitu kingine cha kusubiri. Nguo za kuzikwa amekwisha kuzikunja. Shamba amekwisha kuwagawia wajomba. Iliyobaki ni hiyo picha, na ni mimi niliyepewa kazi ya kuimaliza. Sikuwa ninachagua kamera. Nilikuwa namchelewesha.

Sikumwambia. Ningemwambiaje?

Brayo alinicheka wiki nzima, kisha akaniuzia lenzi yake ya zamani kwa bei ya ujirani. Haivuti karibu wala mbali. "Ukitaka kumkaribia, tembea," akaniambia. Jumapili nikaenda, nikatembea, nikamkaribia mpaka nikasikia pumzi yake, nikabonyeza. Picha ilitoka nzuri, na sisemi kwa kujisifu. Kilemba, kovu la shavuni, yale macho yasiyobembeleza mtu. Hakuna mkono wa mtu begani. Nikaichapisha kubwa Thika na kumpelekea.

Aliisogeza karibu na lile jicho linaloona.

"Hapana," akasema. "Hapa nimekaa kama mtu anadaiwa. Rudi Jumapili."

Nikarudi. Ya pili, kilemba kilikuwa kimeinama. Ya tatu, jua lilikuwa baya, na ni yeye aliyechagua pa kukaa. Ya nne aliitazama akasonya.

"Hapa niko mzee sana."

"Lakini cucu, wewe ni mzee."

"Ni leo. Labda wiki ijayo sitakuwa."

Kisha akanipakulia githeri, akanifungia ndizi za kurudi nazo Ruiru, akaniuliza kama nitachelewa wiki ijayo ili asivae mapema. Sijui anapenda tu nije, au naye anaogopa kama mimi, au kweli picha ni mbaya. Brayo ameziangalia zote anasema tatizo ni lenzi, ninunue nyingine. Nimemwitikia pia. Cucu sijamuuliza, na sitaki kumuuliza, kwa sababu anaweza kunijibu.

Kesho ni Jumapili. Nimeichaji betri, nimefuta lenzi kwa kitambaa kisafi. Amesema atavaa ile sweta ya kijani uliyomnunulia na kwamba safari hii anaona itatoka. Alisema hivyo kwa sauti iliyotulia, na mimi nimekosa raha tangu hapo. Pumzika, mama. Ila kama huko uliko mnaruhusiwa kuomba, niombee jambo moja dogo: picha ya kesho nayo isimpendeze.

Ni mimi,
binti yako wa pili, Ruiru.